Binti akivunja ungo mapema, tuitazame nyumba

Akina mama wa Tanga wana sababu mbili wanazozitaja mabinti wa siku hizi wanapovunja ungo mapema. Ya kwanza ni chakula: kuku wa kisasa, chipsi mayai, mafuta ya kupima yasiyojulikana yametoka wapi. Ya pili ni simu na tamthilia. Kaa barazani Makorora au Ngamiani, apite mtoto wa darasa la nne ambaye kifua kimeanza kujaa, utazisikia zote mbili kabla hajakata kona. Baada ya sababu huja dawa, na dawa ni moja tu: abanwe. Asicheze nje, asitumwe dukani jioni, atazamwe kwa jicho kali, na akijibu achapwe.

Naamini dawa hiyo inazidisha maradhi. Ipo sababu ya tatu ambayo barazani haitajwi, nayo imechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 30: hofu anayoishi nayo mtoto katika miaka yake ya mwanzo, na ukaribu anaoupata au kuukosa kwa wanaomlea. Hofu ikizidi, mwili huharakisha balehe. Ukaribu ukiwepo, mwili hujipa muda wa kukua.

Kwenye chakula akina mama hawajakosea sana. Mwili wa msichana hupima akiba yake kabla ya kuanza safari ya utu uzima. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo, na mtoto mwenye utapiamlo huchelewa. Norway, katikati ya karne ya 19, wasichana walivunja ungo wakiwa na miaka 16 hadi 17 hivi. Miaka mia moja baadaye wakawa wanavunja wakiwa na 13. Hapakuwa na chipsi mayai. Kilichobadilika ni shibe, na maradhi yaliyopungua. Hapa kwetu nako udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka mpaka asilimia 30 katika utafiti wa taifa wa mwaka 2022, kutoka 34 miaka michache kabla. Watoto wakishiba, umri wa kuvunja ungo utashuka, na sehemu hiyo ya habari ni njema. Kuku wa kisasa wao wanakua haraka kwa sababu ya mbegu yao na chakula wanacholishwa. Kisha kuna urithi, ambao wataalamu wengi wanaupa nusu au zaidi ya tofauti iliyopo kati ya msichana na msichana. Mama aliyewahi, binti yake naye huelekea kuwahi.

Ila chakula na damu havimalizi hesabu. Mwaka 1991 wanasaikolojia Jay Belsky na Laurence Steinberg, pamoja na mwanaanthropolojia Patricia Draper, walitoa nadharia ambayo wengi waliiona ya ajabu. Walisema miaka mitano hadi saba ya mwanzo humfundisha mtoto, bila maneno, dunia aliyoingia ni ya namna gani. Akikuta watu hawategemeki, nyumba ina ugomvi na upendo ni wa kubahatisha, mwili wake huelekea kuwahi kupevuka, kana kwamba unataka kuacha uzao kabla hatari haijaufikia. Akikuta utulivu, unachukua muda wake. Ajabu yake ni kwamba ilidai jambo la moyoni litaonekana mwilini, na tena kwa tarehe inayoweza kuandikwa.

Kwa hiyo ikapimwa. Mwaka 1992 Terrie Moffitt na wenzake walitumia kumbukumbu za watoto wa Dunedin, New Zealand, waliokuwa wakifuatiliwa tangu utotoni. Wasichana waliokulia kwenye ugomvi wa kifamilia, na wale ambao baba hakuwepo, waliwahi. Watafiti wenyewe wakatahadharisha kwamba huenda ni urithi tu: mama aliyewahi kupevuka huwahi kuolewa, ndoa za mapema huvunjika, na binti hurithi vyote kwa pamoja. Hoja hiyo ni nzito, na anayeiruka hajaisoma elimu hii vizuri. Jibu zuri nililowahi kuliona ni la mwaka 2008. Jacqueline Tither na Bruce Ellis walilinganisha dada kwa dada, wa baba mmoja na mama mmoja, katika familia zilizotengana. Mdogo, ambaye baba alitoka nyumbani yeye akiwa bado mchanga zaidi, aliwahi kumpita dada yake. Tofauti ilikuwa kubwa, karibu mwaka mmoja, pale ambapo baba huyo alikuwa na matatizo mazito kama ulevi au ukatili.

Kisha Marekani. Huko kuna utafiti uliowafuata watoto wa maeneo 10 tangu kuzaliwa, na mwaka 2010 ulitoa matokeo mawili yanayonigusa kila nikiyasoma. La kwanza: wasichana ambao walipokuwa na miezi 15 hawakuwa na uhakika na mama zao walianza balehe mapema na kuimaliza mapema. La pili: mama aliyekuwa mkali kupita kiasi mtoto akiwa na miaka minne na nusu, mwenye kuamini kwamba mtoto ni wa kuchapwa na kunyamazishwa, binti yake alivunja ungo mapema.

Huo uhakika wa mtoto wa miezi 15 unapimwaje? Mama na mtoto huwekwa kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka kwa dakika chache, kisha anarudi. Kinachotazamwa ni marejeo. Mtoto mwenye uhakika mara nyingi hulia mama akiondoka, na akirudi humkimbilia, hutulia kifuani, kisha hurudi kwenye mchezo. Asiye na uhakika humkwepa mama aliyerudi, au humng'ang'ania huku akimpiga, hatulii. Aliyebuni kipimo hicho ni Mary Ainsworth, na uchunguzi wake wa mama na watoto hakuuanzia Ulaya wala Marekani. Aliuanzia Afrika Mashariki, kwenye vijiji vilivyo karibu na Kampala, mwaka 1954, akizitembelea familia 26 na kukaa nao sebuleni akitazama watoto wanavyonyonya, wanavyolia na wanavyobembelezwa. Alichokiona ni kwamba mama aliyeweza kumwelezea mtoto wake kwa undani, anapenda nini, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na usingizi, ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye uhakika. Aliona pia kwamba mtoto hajifungi kwa mama peke yake. Baba, bibi, ndugu wakubwa, wote wanaweza kuwa kimbilio.

Hilo la mwisho ni la maana sana kwa pwani yetu. Maandiko mengi ya Magharibi yanasema "baba asiyekuwepo" kana kwamba ni kitu kimoja. Nenda Mwambani, Tongoni au Chongoleani. Wavuvi wanakwenda dago, wanafuata samaki na upepo, wanakaa huko wiki kwa wiki. Kwenye dodoso la mtafiti wa Magharibi ni baba asiyekuwepo. Kwa mtoto ni baba aliyeko baharini, ambaye jina lake linatajwa kila jioni, ambaye akirudi kuna kanda la samaki na kuna mtu wa kumpanda mabegani. Katika utafiti mwingine wa Ellis na wenzake, wa mwaka 1999, kilichokwenda pamoja na balehe ya kuchelewa ni muda na mapenzi ambayo baba alimpa binti katika miaka mitano ya mwanzo, alivyokuwa naye anapokuwa naye. Dago halinitishi. Linanitisha jambo jingine, nami nililiona Mabawa.

Ilikuwa alasiri, kwenye ua wa nyumba ya kupanga, familia nne au tano zinazotumia bomba moja. Watoto walikuwa wanacheza rede, mpira wa soksi unapaa, kelele mpaka barabarani. Ikasikika pikipiki inapunguza mwendo kwenye uchochoro. Hakuna aliyesema neno. Mchezo ulikatika palepale, na watoto watatu wa nyumba moja wakatawanyika: mkubwa akashika fagio ambalo hakuwa na haja nalo, wa kati akaingia ndani, na mdogo, ambaye hakuwa na hata miaka minne, akajibanza nyuma ya pipa la maji. Mama yao alisogeza jiko akaanza kupepea mkaa uliokwisha kushika. Baba aliingia, akasalimia vizuri tu, akapita. Siku hiyo hakumpiga mtu. Yule mdogo alibaki nyuma ya pipa mpaka aliposikia maji ya kuoga.

Mwili wa mtoto yule ulikuwa unafanya kazi kubwa. Ubongo ukiona tishio huziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zimwage kotisoli. Moyo unakwenda mbio, tumbo linasimama. Ni mfumo mzuri, umeokoa wengi mbele ya nyoka na moto. Umetengenezwa kwa hatari inayokuja na kuondoka. Hatari inayokaa nyumbani na kurudi kila jioni ni mzigo mwingine kabisa. Sehemu ileile ya ubongo inayoendesha mfumo huu, haipothalamasi, ndiyo yenye ufunguo wa balehe. Huko zipo seli zinazotoa kemikali iitwayo kispeptini, kispeptini huamsha homoni inayotoka kwa mapigo mapigo, mapigo hayo huifikia tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari zianze kutengeneza estrojeni. Kifua kinaanza kujaa, na kwa kawaida miaka miwili hivi baadaye ungo unavunjika. Wataalamu bado wanabishana ni mlango upi hasa hofu inaupitia kuingia kwenye mnyororo huu. Kwamba hizi ni jirani mbili zinazosikilizana, hilo halina ubishi.

Mtu atauliza: si umaskini huo? Nyumba yenye ugomvi ndiyo hiyo hiyo yenye shida. Nami nilikuwa na swali hilo mpaka mwaka 2020, Natalie Colich, Katie McLaughlin na wenzao walipokusanya tafiti nyingi na kuzichambua pamoja. Waliyatenga mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Upande mmoja wakaweka tishio: kipigo, matusi, unyanyasaji wa kingono, kuishi katikati ya ukatili. Upande wa pili wakaweka ukosefu: umaskini, kutelekezwa, kukosa mahitaji. Tishio lilikwenda pamoja na balehe ya mapema. Ukosefu haukwenda nayo. Ukisimama peke yake, umaskini hauharakishi kitu. Ukifika kwenye njaa, unachelewesha. Huenda ndiyo maana wakati wa vita vya Croatia katika miaka ya 1990, wasichana wa mji wa Šibenik walichelewa badala ya kuwahi. Mambo mawili yanavuta kamba kinyume, na matokeo hutegemea lipi limezidi.

Kwetu hapa matokeo hayo yana tafsiri moja ninayoitamka bila kumung'unya. Nyumba yenye ugali na dagaa kila siku, ambayo mtoto haogopi kulala, imempa kinga. Nyumba yenye friji na king'amuzi, ambayo mtoto anajificha nyuma ya pipa, imemnyima.

Kuna aina moja ya tishio ambayo aibu hutufanya tuipite haraka. Jennie Noll, Penelope Trickett na wenzao waliwafuatilia kwa miaka mingi wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono utotoni, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba wasichana hao walianza balehe miezi 8 hadi 12 mapema kuliko wenzao. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kipigo, karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana. Kwa hiyo binti wa miaka tisa anapoota matiti na watu wakasema "ana mambo huyo", ipo hatari kwamba tunamlaumu mtoto kwa alichofanyiwa. Sisemi kila aliyewahi amefanyiwa. Wengi hawakufanyiwa lolote. Nasema swali la upole lije kabla ya tuhuma.

Suala la kutengana na wazazi nalo linatuhusu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Finland iliwapeleka watoto kama 70,000 Sweden na Denmark, bila wazazi wao, wakaokoke na wakale vizuri. Miaka mingi baadaye wanawake waliopelekwa utotoni walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani katikati ya vita, na waliopelekwa walionekana walivunja ungo mapema. Tanga ina watoto wangapi ambao mama yupo Muscat akifanya kazi za ndani, anaonekana kwenye simu siku ya Ijumaa? Siwezi kumnyooshea kidole mama huyo. Ada, bati na dawa za bibi vinatoka kwake. Ninachouliza ni mtoto amebaki na nani, na amehamishwa mara ngapi. Aliyebaki kwa bibi mmoja, kitanda kimoja, shule moja, ana mtu wake. Aliyekaa kwa mamdogo miezi sita, akapelekwa kwa shangazi Muheza, akarudishwa mjini kwa mke wa mjomba asiyemtaka, hana. Pesa ileile ya Oman inatumwa kwa wote wawili.

Mizani ni muhimu hapa, kwa sababu nayajua maneno yetu. Tofauti tunazozizungumzia, kwa wingi wa wasichana, ni za miezi. Wapo waliolelewa kwenye mapenzi tele wakavunja ungo wakiwa na miaka kumi, na waliopigwa kila siku wakachelewa. Mawifi na mama wakwe wasiichukue makala hii kwenda kumpima nayo mama wa mtu. Dalili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana, au kabla ya 9 kwa mvulana, hilo si la barazani tena. Apelekwe hospitali, Bombo au kwingine penye daktari wa watoto, kwa sababu kuna maradhi yanayoweza kusababisha hali hiyo na mengine yanatibika. Kuhusu wavulana, ushahidi ni mwembamba. Hawana alama moja iliyo wazi kama hedhi, na waliofuatiliwa ni wachache.

Turudi kwenye ile dawa ya kubana. Mtoto wa miaka kumi mwenye umbo la kumi na tano tayari ana shida zake. Wanaume wa kijiweni wanamwona mkubwa. Mwalimu anamtarajia awe na akili za umri ambao hajaufikia. Katika nchi nyingi zilikochunguzwa, wasichana wanaowahi ndio wanaopata zaidi huzuni nzito na ndio wanaoingizwa mapema kwenye mapenzi. Hapa kwetu wapo ambao, mtoto akishavunja ungo, huhesabu kwamba amekuwa mtu wa kuolewa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwapa pa kusimamia kwa kuruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Mtoto huyu aliye katikati ya macho yote hayo, sisi wa nyumbani tunamwongezea fimbo. Kama hofu ndiyo iliyouharakisha mwili, tumemwagia mafuta ya taa.

Najua nitajibiwa kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naikubali. Nimewaona watoto waliodekezwa na wakawaliza wazazi. Lakini methali hiyo inazungumzia kumkanya mtoto hata kama atalia, na kukanya hakuhitaji mtoto akusikie pikipiki yako akimbilie nyuma ya pipa. Wapo wazee wa mji huu, wavulana kwa wasichana wanawatii kwa jicho moja, na mtoto akiumia ndio wa kwanza kukimbiliwa. Huo ndio ukali nisioupinga.

Mwaka 2021 nchi ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ndani yake yamo malezi yenye mwitikio na usalama wa mtoto, pembeni ya afya na lishe. Kwenye zahanati, lishe ndiyo inayoonekana. Mtoto anavalishwa ile suruali ya kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa kwenye kadi, mama anaambiwa aongeze uji wa lishe. Foleni ni ndefu na nesi ni mmoja. Hata hivyo swali moja halichukui dakika: mtoto huyu akiumia nyumbani anamkimbilia nani, na yupo wa kumwogopa? Mama anayepigwa naye atapata mlango wa kusemea. Na ziwepo siku za kuitwa akina baba, tena jioni, kwa kuwa asubuhi wako soko la samaki Deep Sea, kiwandani au barabarani.

Pwani hii pia ina somo, mwanamke wa nje ya nyumba anayepewa binti akishavunja ungo amfunde. Ningependa achaguliwe mapema, mtoto anapoanza darasa la kwanza, awe shangazi au jirani anayependwa na mtoto mwenyewe, na kazi yake ya miaka ya mwanzo iwe kumjua na kumsikiliza siri zake. Binti akiwahi, akiwa na miaka tisa au kumi, afundishwe kutumia na kufua kitambaa au kubadili pedi, kuhesabu siku zake, kujua kwamba hajafanya kosa lolote, na kujua wa kumwambia mtu akimgusa. Mafunzo ya unyumba yangoje miaka minane au kumi mbele.